f/8 haizamishi meli: Canon RF 100-400mm kwa wapiga picha za meli

Taja Canon RF 100-400mm F5.6-8 IS USM mbele ya wapiga picha, na jibu la kwanza utalijua kabla hawajafungua mdomo: "f/8? Giza tupu hilo." f/8 ni tundu dogo la lenzi, huingiza mwanga kidogo. Kwa anayepiga ndege msituni au mechi ya usiku, wana haki. Kwa anayepiga meli, wamebisha mlango usio wao. Meli ni kitu kikubwa, hakina pupa, na mara nyingi hupigwa mchana kweupe juu ya maji yanayorudisha mwanga. Jua kali likiwa mgongoni mwako, apacha (ndilo tundu hilo) ya f/8 na kasi ya shata 1/500 ya sekunde huhitaji ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100 tu. Mawingu yakitanda sawasawa, ISO hupanda hadi 800 hivi, na kamera yoyote ya Canon ya mfumo wa R huibeba 800 bila kutoa jasho. Kinachoharibu picha za meli kwa lenzi hii ni vitu vingine vitatu: hewa ya moto juu ya maji, chumvi, na ile saa ambayo jua limeshazama na meli ndiyo kwanza inang'oa nanga.

Lenzi ilitoka mwaka 2021. Ina uzito wa gramu 635, urefu wa sentimita 16.5 ikiwa haijavutwa, na mdomo wa filta wa milimita 67. Ndugu yake mkubwa, RF 100-500mm ya daraja la L (lenzi za kitaalamu za Canon), ana gramu 1,370 hivi. EF 100-400mm L ya toleo la pili inazidi kilo moja na nusu kabla hujaweka adapta, na RF 200-800mm inapita kilo mbili. Tofauti hii haionekani dukani. Inaonekana ukingoni mwa lango la bandari, pale meli iliyotangazwa saa nne inapoonekana saa sita na nusu kwa sababu rubani wa bandari amechelewa au gati halijaachwa wazi. Kupiga meli ni kazi ya kungoja, na anayengoja na gramu 635 shingoni bado ana mkono usiotetemeka meli inapofika. Lenzi nzito huishia kuwekwa chini kwenye begi, na begi huwa limefungwa zipu wakati tagi (boti za kukokota meli) zinaigeuza meli ubavu.

Milimita ngapi kwa meli ipi

Watu hununua lenzi ndefu kwa hofu kwamba 400 haitatosha. Badala ya kuhofu, piga hesabu. Kwa kamera ya sensa kamili, yenye upana wa milimita 36:

milimita za lenzi = 36 × umbali ÷ urefu wa meli

Umbali na urefu vyote viwe kwa mita. Jibu ni ule urefu wa lenzi unaoijaza fremu kutoka omo (mbele ya meli) hadi tezi (nyuma), meli ikiwa ubavu kabisa. Kwa sensa ndogo ya Canon, kama ya R7 au R10, weka 22 mahali pa 36. Kisha toa kama sehemu moja ya tano ya jibu, ili kubaki na maji mbele ya omo na hewa juu ya mlingoti.

Chukua meli ya shehena kichele ya mita 200 inayopita kilomita 2 kutoka ulipo. 36 × 2,000 ÷ 200 = 360. Ukitoa tano moja, unabaki na 288. Lenzi inatosha na chenji inabaki. Tagi ya mita 30 ni hadithi nyingine: ili iijaze fremu ya sensa kamili kwa milimita 400, inabidi iwe mita 333 kutoka kwako. Kwa R7 inaweza kuwa kwenye mita 540 hivi. Anayependa tagi, boti za marubani na meli ndogo za pwani atanufaika zaidi na sensa ndogo nyuma ya lenzi hii kuliko na kiongeza urefu mbele ya kamera.

Wasichokumbuka wengi ni upande wa pili, ule wa milimita 100. Meli kubwa za makontena za siku hizi zina urefu wa mita 400. Ever Given, ile iliyouziba mfereji wa Suez Machi 2021, ni moja yao. Kwa milimita 100 kwenye sensa kamili, umbali wa kilomita 1 unakupa upana wa mita 360 tu. Maana yake meli ya mita 400 ikipita kilomita moja mbele yako, omo au tezi litakatwa. Unahitaji kilomita 1.4 ili ipumue ndani ya fremu, na kwa R7 unahitaji zaidi ya kilomita 2.2. Bandari nyingi zenye mkondo mwembamba hazikupi nafasi hiyo. Hapo zimebaki njia mbili: uwe na lenzi fupi mfukoni, mfano 24-105mm, au uipige meli mapema ikiwa bado inakujia kwa pembe, omo mbele na ubavu mmoja ukionekana. Pembe hiyo hufupisha meli machoni, na kusema kweli ndiyo inayopendeza kuliko ubavu mtupu.

Urefu wa meli hupatikana bila kubahatisha. Mtambo wa AIS, redio ya meli ya kujitambulisha, hutangaza vipimo vyake pamoja na jina na namba ya IMO (namba ya utambulisho ya meli, ya tarakimu saba) kila baada ya dakika 6, na programu za kufuatilia meli kwenye simu huvionyesha. Umbali utaupima kwenye ramani. Bandari inayokwenda na muda wa kufika usivitegemee sana, kwa sababu huandikwa kwa mkono na afisa wa zamu, naye huwa na mambo mengine ya kufanya.

Je, namba ya IMO inasomeka?

Ukali wa lenzi kwa mpiga picha za meli haupimwi kwa ukuta wa matofali. Hupimwa kwa maandishi. Sheria za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, zinataka namba ya IMO iandikwe nje ya meli, tezini, ubavuni au kwenye jengo la juu, kwa tarakimu zenye kimo kisichopungua milimita 200. Hicho ni kipimo ambacho karibu kila meli kubwa ya biashara inayosafiri kimataifa huja nacho bure.

Kwa milimita 400, tarakimu ya kimo cha milimita 200 iliyo kilomita 1 mbali huangukia kwenye sensa ikiwa na kimo cha milimita 0.08. Kamera ya sensa kamili ya megapikseli 24, kama R8 au R6 Mark II, ina pikseli za milimita 0.006, kwa hiyo tarakimu inapata pikseli 13. Jicho linahitaji kama 10 ili kutofautisha 3 na 8 bila kubishana. Basi kwenye kilomita 1 namba inasomeka hewa ikiwa safi. Kwenye kilomita 2 inabaki pikseli 6 au 7, yaani mstari wa vidoa. Kwa R7, ambayo pikseli zake ni milimita 0.0032, kilomita 1 inatoa pikseli 25 na kilomita 2 inatoa 12. Kwa karatasi, R7 inashinda maradufu.

Kwa macho, haishindi maradufu. Mwanga ukipita kwenye tundu la f/8 hutawanyika kidogo, na nukta moja hugeuka kiduara cha milimita 0.011 hivi. Kwenye pikseli za R8 kiduara hicho hakifiki pikseli mbili. Kwenye R7 kinafunika zaidi ya tatu. Hapa ndipo f/8 inapodai ushuru wake wa kweli: si giza, ni ukali. R7 bado inasoma namba kutoka mbali zaidi kuliko R8, lakini faida inayobaki ni ndogo kuliko ile ya kwenye hesabu, na faili zake zinahitaji kunolewa zaidi kwenye kompyuta. Kwa hiyo usibane apacha hadi f/11 ukidhani unaongeza ukali. Kwa R7 unaupunguza. Kwa sensa kamili unapoteza mwanga bila faida yoyote, maana meli nzima iko mbali vya kutosha kuwa ndani ya fokasi hata kwa f/8.

Namba ikisomeka nusu, namba yenyewe hujisahihisha. Zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano huo, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na tarakimu ya saba. Ever Given ni 9811000: 63 + 48 + 5 + 4 + 0 + 0 = 120, inaishia 0, na ya saba ni 0. Picha ikikuonyesha 9817000, jumla inakuwa 144, tarakimu ya saba ingepaswa kuwa 4, na utajua mara moja kwamba ile 7 ni 1 iliyochezewa na joto.

Alama za kina cha maji kwenye omo na tezi ni ngumu zaidi. Tarakimu zake za mita zina kimo cha sentimita 10, nusu ya namba ya IMO, hivyo kwa R8 inabidi meli ipite kwenye mita 500 au karibu zaidi. Duara la Plimsoll ubavuni, alama ya mwisho wa kupakia meli, ni rahisi, lina kipenyo cha milimita 300. Ukiliona lote wazi juu ya maji, meli haijashiba.

Hewa, adui asiyeshindwa na lenzi yoyote

Malalamiko mengi kwamba lenzi hii ni laini kwenye 400 hayahusu lenzi. Yanahusu mazigazi: hewa ya joto inayocheza kati yako na meli na kuipinda mistari. Lenzi ya bei mara tano nayo itapiga hewa ileile.

Kutofautisha ni kazi ya sekunde chache. Kuza picha kwenye skrini, tafuta mistari iliyonyooka, kama kingo za makontena au reli za sitaha. Mistari ikiwa na mawimbi, kila mmoja kivyake, ni hewa. Kila kitu kikiwa laini kwa kiasi kimoja huku maji ya mbele au ya nyuma ya meli yakiwa makali, fokasi imekosea. Nukta zote zikiwa zimevutwa upande mmoja kama zimefutwa kwa kidole, mkono umetikisika au shata imekuwa ya polepole. Magonjwa matatu, dawa tatu, na kununua lenzi mpya hakutibu la kwanza.

Dawa ya hewa ni muda na mahali. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo bora. Siku ya mawingu baada ya mvua hushinda hata hizo. Panda juu kadiri uwezavyo, kwa sababu tabaka baya zaidi la hewa hukaa mita chache juu ya maji, mchanga na zege. Usipige kupitia juu ya paa za magari yaliyoegeshwa au gati refu la saruji lililopigwa na jua. Hata mita 50 za zege la moto mbele yako huharibu picha kuliko kilomita moja ya maji. Kisha piga mfululizo wa fremu 8 hadi 10. Hewa hucheza bila mpangilio, na katika kumi hupatikana moja au mbili ambamo jina la meli limetulia. Filta za UV zinazouzwa kwa ahadi ya kukata ukungu hazifanyi lolote hapa. Filta duni ya bei rahisi ndiyo mara nyingi inayoongeza ulaini kwenye milimita 400. Ivue, piga tena, linganisha.

Kuna ukungu mwingine wa kujitakia. Lenzi ikitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi na kukutana na hewa ya pwani, kioo hutona maji nje na wakati mwingine ndani. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu. Ukiifuta tu, itatona tena.

Mipangilio inayofanya kazi

Kidhibiti mtikisiko cha lenzi hii kinahesabiwa kuwa na nguvu ya hatua 5.5 (kila hatua huruhusu shata ya polepole maradufu), na 6 kikishirikiana na kile cha ndani ya kamera zenye nacho, kama R7 na R6 Mark II. R8 na R10 hazina cha ndani. Ni kizuri kweli. Kwa meli iliyotia nanga au iliyofungwa gatini unaweza kushuka hadi 1/60 ukiwa na milimita 400 mkononi na ukapata fremu safi. Ila kinatuliza mkono wako, hakitulizi meli.

Meli ya noti 12 (maili za baharini kwa saa) hukata mita 6.2 kwa sekunde. Ikiwa kilomita 1 mbali, kwa milimita 400, taswira yake husogea milimita 2.5 kwa sekunde juu ya sensa. Kwa shata ya 1/500 ni milimita 0.005, chini ya pikseli moja ya R8. Safi. Kwa R7 ni pikseli moja na nusu, basi panda hadi 1/1000. Meli ikipita karibu, mita 300 kwa mfano, na wewe umerudi kwenye milimita 200, taswira inasogea haraka zaidi kuliko ile ya mbali kwenye 400, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Tumia 1/1000 kwa kamera yoyote, au ifuate meli kwa kuzungusha kiuno, si mikono.

Fokasi ni ya haraka na haina kelele, lakini kuna mtego. Kwenye kamera kama R7 na R10, utambuzi wa vyombo vya usafiri ulifundishwa magari na pikipiki. Meli haimo kwenye kumbukumbu yake. Ukiuacha utambuzi huo umewashwa, au ukiacha ule wa wanyama, kamera itamkumbatia shakwe anayekatiza mbele na kuiacha meli ya tani laki mbili ikiwa ukungu. Zima utambuzi, chagua nukta moja ya fokasi, iweke kwenye kitu chenye mpaka mkali: herufi za jina kwenye omo, au pembe ya mbele ya briji (chumba cha kuongozea meli). Usiiweke katikati ya ubavu mweusi usio na alama; fokasi huenda mbele na kurudi ikitafuta pa kushika na isipate. Kwa meli ya mbali, One Shot (fokasi inayojifunga mara moja) inatulia kuliko Servo (inayofuata kitu mfululizo), hasa penye mazigazi, kwa sababu Servo huifuata hewa inayocheza ikidhani ni meli inayosogea.

Mwanga wa kupimia unahitaji jicho. Meli ya mafuta ina ubavu mweusi na jengo la juu jeupe kama karatasi. Kamera ikiangalia ubavu, huongeza mwanga na jengo linaungua, pamoja na mabawa ya briji. Washa onyo la sehemu zilizoungua, shusha fidia ya mwanga kwa theluthi mbili ya hatua hadi hatua moja, piga RAW (faili ghafi ya sensa), kisha inua kivuli cha ubavu baadaye. Kwa meli za magari, zile sanduku refu jeupe lenye pua, hali hugeuka: fremu imejaa weupe, kamera yenyewe huipika kijivu, na inabidi uongeze theluthi moja au mbili. Dohani nayo iangalie. Rangi na alama za kampuni ziko pale, na ikiwa kivulini picha ya ubavu hupoteza nusu ya habari yake.

Jambo dogo linalogharimu: mstari wa upeo. Kwenye fremu ya pikseli 6,000, mwinamo wa digrii moja tu huleta tofauti ya pikseli 105 kati ya kushoto na kulia, na ukiunyoosha kwenye kompyuta unakata ncha ya mlingoti au bendera ya tezini. Washa kipimo cha mlalo ndani ya kitafutio na ukiamini.

Chumvi

Hapa lenzi inastahili lawama. Haina ukinzani wa vumbi wala maji, haina mpira wa kuziba pale inapoungana na kamera, na ukiivuta kutoka 100 kwenda 400 pipa lake hutoka nje. Kila ukivuta na kurudisha, inavuta hewa ndani kama bomba la baiskeli, na hewa ya pwani ina chumvi. RF 100-500mm nayo hurefuka ikivutwa, ila imezibwa. Hii haijazibwa, na Canon hawakuficha hilo.

Penye upepo wa kutoka baharini, ivishe mfuko wa plastiki mwepesi, toboa tundu upande mmoja kwa ajili ya hudi (kofia ya kukinga mdomo wa lenzi) na ukaze kwa mpira wa kufungia pesa. Hudi yenyewe, ET-74B, haimo ndani ya boksi, inauzwa kando. Kwa bei ya lenzi hii ni ubahili wa ajabu, na kwa mpiga meli hudi si pambo, ndiyo inayopokea matone ya kwanza ya povu. Inunue siku hiyohiyo.

Ukirudi, usianze na kitambaa. Chembe ya chumvi iliyokauka ni mchanga. Ukiisugua inachora kioo. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha gusisha kitambaa laini chenye maji safi ili chumvi iyeyuke, ndipo umalizie kwa dawa ya lenzi. Pipa lifute likiwa limevutwa lote, likauke kabisa, ndipo ulirudishe ndani. Ihifadhi kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli, unyevu ukae kati ya asilimia 35 na 50. Ukiiacha kwenye begi la ngozi lenye giza na jasho, kuvu itakaribishwa.

Pale inapoishiwa

Dakika chache baada ya jua kuzama, hesabu ya f/8 hugeuka kali. Kwa 1/500 unahitaji ISO 6400 na inaendelea kupanda kila dakika. Kushusha shata hakuokoi: meli ya noti 8 iliyo kilomita 1, kwa milimita 400 na 1/15, inavuka pikseli 18 za R8 ndani ya fremu moja. Meli zilizotia nanga zikiwa na taa za sitaha unaweza kuzipata kwa stendi ya miguu mitatu. Zinazoingia bandarini usiku, hapana. Anayetaka hizo aelekee kwenye lenzi fupi yenye tundu kubwa na asogee karibu. Kuhusu stendi: lenzi haina pete ya kufungia, unafunga kamera yenyewe. Kwa uzito huu si tatizo, ila upepo ukivuma tegemeza pipa kwa mkono wa kushoto.

Viongeza urefu vya RF vinakubali. Cha 1.4 kinatoa 560mm kwa f/11, cha 2 kinatoa 800mm kwa f/16. Cha kwanza kina maana kwenye sensa kamili, asubuhi baridi, kwa meli zilizo nanga kilomita 4 au 5 nje. Cha pili ni kununua mazigazi makubwa zaidi. Hapo kwenye f/16 kiduara cha mwanga kinafikia milimita 0.021, na zile pikseli ulizoongeza hazibebi kitu kipya.

Mwenye EF 100-400mm L ya toleo la pili hana sababu ya kuiacha isipokuwa mgongo wake umeanza kulalamika: ile ina f/5.6 kwenye 400, imezibwa na ina pete ya stendi. Anayepiga akiwa juu ya boti, kwenye mvua na povu, aongeze hadi RF 100-500mm au abaki na hiyo ya zamani. Anayesimama nchi kavu mchana, na hao ndio wengi wetu, RF 100-400mm inamtosha, na kwa R8 inafanya jozi ya chini ya kilo 1.2 inayoingia kwenye begi la kawaida. Hilo nalo lina faida ambayo haiandikwi kwenye vipimo. Tangu kanuni za usalama za ISPS zianze kutumika Julai 2004, walinzi wa bandari hutazama lenzi ndefu nyeupe kwa jicho lao. Pipa fupi jeusi haliwaiti. Simama nje ya uzio mahali pa umma vilevile, na ukiulizwa, onyesha picha.

Ukiinunua iliyotumika, mulika tochi ya simu kutoka nyuma na utazame kupitia mbele: nyuzi kama za buibui ni kuvu, achana nayo. Zungusha pete ya kuvuta mara kadhaa karibu na sikio. Mkwaruzo ni mchanga ulioingia pipani. Kisha nenda penye upeo wa bahari mchana usio na joto, weka 400 na f/8, piga mstari wa upeo ukipita katikati ya fremu kutoka ukingo hadi ukingo. Geuza kamera juu chini, piga tena. Ulaini ukiwa kushoto kwenye picha ya kwanza na kushoto tena kwenye ya pili, kasoro iko kwenye lenzi, kwenye kamera au kwenye mlango wa kamera unaoshika lenzi. Ukihama kwenda kulia juu ya bahari ileile, kilicholaini ni kitu kilichoko kule mbele. Picha ya pili uilinganishe kabla hujaizungusha kwenye skrini, la sivyo utamlaumu asiyehusika. Ili kuibana lenzi peke yake, rudia jaribio kwa kamera ya pili: upande uleule ukibaki laini kwenye kamera zote mbili, kioo kimehama ndani, na hapo bei ishuke au irudi ilikotoka.